Tulivyochimba Barabara Kuutafuta Moyo

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Manispaa, Daktari wa kituo chetu cha afya, wakuu wa idara, mliopata viti vyenye mito na mliovikosa, ndugu wageni waalikwa, ndugu wafanyakazi wenzangu wa lami, wa taka, wa maji na wa taa, mke wangu, uliyekaa safu ya tatu na mkoba magotini, na wewe mama yetu unayestaafu leo, ambaye kwa haki ningekutaja wa kwanza, ila mshereheshaji ameniandikia orodha na amenikodolea macho: nawasalimu nyote, na wale mlioanza kusinzia baada ya chakula nawasalimu kwa sauti ya juu zaidi.

Wote mnanijua. Mimi ndiye Nyundo, msimamizi wa kikosi cha matengenezo ya barabara, mtu ambaye mashimo ya mji huu mnamlaani kwayo kila asubuhi kana kwamba anayachimba yeye. Moja nililichimba kweli, na nitalieleza. Nimepewa dakika kumi na tano, nami nimeomba nianze saa kumi na robo, si mapema wala baadaye. Mshereheshaji ameniuliza kwa nini, nikamwambia avute subira, atajua saa kumi na nusu ikifika. Nina neno nimelibeba miaka mitatu bila kumwambia mtu, hata wa nyumbani kwangu. Nisipolitua leo, Mama Kufuli ataondoka zake, na mimi nitabaki mwanamume mwoga mwenye jina la chuma.

Ndugu zangu, mnakumbuka alivyokuja huyu mtaalamu wetu wa kompyuta? Alikuja na begi la mgongoni, miwani imening'inia kwa uzi, na funguo tele kiunoni, hata ukimsikia kwenye korido ulidhani askari wa gereza anapita. Kompyuta yake ilikuwa na kufuli. Kabati lilikuwa na kufuli. Kopo lake la sukari, naapa mbele ya Meya, lilikuwa na kufuli, na ukiomba sukari alikupimia kijiko kimoja huku amekupa mgongo. Ndipo akapata jina la Mama Kufuli. Aliyempa jina hilo ni mimi, na leo naomba radhi, ingawa naona limeandikwa mpaka kwenye keki.

Huyu mama alituletea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa visanduku vidogo kama kipande cha sabuni, vya kufunga chini ya magari ya manispaa na juu ya nguzo za taa. Ndani yake mna vihisi, yaani vijidude vinavyohisi mtikisiko. Gari la taka likitumbukia shimoni, kisanduku kinahisi, na kwenye ramani kule ofisini kinatokea kidoto cheusi. Hicho tulikipenda. Zamani tulikuwa tunasubiri mkubwa fulani apasue tairi ndipo tuambiwe kuna shimo.

Cha pili ndicho kilicholeta maneno. Bangili! Sisi wanaume wa sululu, wenye mikono kama magogo, tuvae bangili? Dereva wa gari la taka, yule pale anayejificha nyuma ya soda, alinyoosha mkono akauliza kama na hereni zitafuata. Tulicheka mpaka mmoja wetu akaketi chini.

Lakini kicheko kilikatika, kwa sababu tulijua bangili zile zilianzia wapi. Mwaka mmoja kabla, fundi wetu wa lami, rafiki yangu wa miaka kumi na tisa, alianguka akafa kazini mchana kweupe, mkono bado umeshika mpini wa chepe. Kifua kilikuwa kimemuuma miezi mitano na hakumwambia mtu. Angesemaje? Siku hizo orodha ya wagonjwa ilibandikwa ukutani, pale chini ya saa, ili msimamizi ajue nani hapewi kazi nzito. Msimamizi ni mimi. Niliibandika mimi, kwa gundi, nikaipigapiga na kiganja isibanduke. Aliyeandikwa humo tulimwita Babu Kiti, akawa Babu Kiti kwenye chai, kwenye lori na kwenye harusi ya binti yake. Rafiki yangu hakutaka kuitwa Babu Kiti. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na nimelisema hapa kwa sababu wajane wa watu hawaponywi na kunyamaza kwangu.

Basi siku ya kutugawia bangili sote, wa sululu na wa tai, Mama Kufuli alipanda juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa, kwa kuwa mnamwona urefu wake, akasema, "Hii itausikiliza moyo wako. Moyo ukienda vibaya, bangili itatikisika mkononi mwako, na itakuandikia wewe, wewe tu. Jina lako halitoki hapo. Kila asubuhi bangili inajichagulia nambari mpya, kama wewe unavyobadilisha shati. Mimi ofisini nitaona kidoto chekundu barabarani, basi. Sitajua ni cha nani."

Dereva akauliza, "Na bosi akitaka kujua?"

"Ataendelea kutaka," akajibu, akashuka kwenye ndoo.

Ilikuwapo orodha moja tu ya kuunganisha bangili na mtu, na aliifungia kwa funguo tatu: mmoja wake, mmoja wa Daktari, na mmoja wa mwakilishi wa wafanyakazi. Wote watatu wasipokaa pamoja haifunguki. Nanyi mkanichagua mimi kuwa mwakilishi, sijui siku hiyo mlikuwa mmekula nini. Sheria yake ilikuwa fupi: orodha inafunguliwa mwenye moyo akiomba mwenyewe, au akiwa amelala chini hawezi kuomba. Hakuna sababu ya tatu.

Miezi ikapita salama, kidoto chekundu kimoja hapa, kimoja kule, hakuna aliyekijali. Kisha kikatokea kidoto chekundu kwenye mlima wa tangi la maji, mbele ya karakana ya seremala. Kesho yake tena, mahali palepale. Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu, pa! Mwezi ulipokwisha, ramani ilikuwa na mishtuko ishirini na miwili pale mlimani. Sasa sikilizeni vizuri: ramani ile ilisema mara ngapi, haikusema watu wangapi. Mkurugenzi wetu akaisoma kwa haraka ya kikazi, akaelewa kwamba watu ishirini na wawili wanashtuka mioyo mbele ya karakana moja.

Mama Kufuli akamwambia visanduku vya barabara vinaonyesha pale pamenyooka kama sahani. Mkurugenzi akasema, nami namnukuu kwa heshima zote, "Visanduku ni vyuma tu. Moyo wa mtu haudanganyi. Chini ya lami ile kuna shimo linalojificha. Nyundo, pachimbe." Mama Kufuli akafungua mdomo aeleze. Lakini mimi ukishasema chimba, linalofuata huwa silisikii.

Tukachimba. Siku ya kwanza tulikwenda chini mita moja: lami nzuri, kokoto nzuri, udongo mzuri. Niliona fahari, maana barabara ile niliijenga mimi. Siku ya pili tuligundua bomba la maji. Tuliligundua kwa kulitoboa. Maji yakaruka juu, yakashuka, yakaingia kwa seremala bila hodi, na baada ya dakika tano kitanda cha watu wawili kikatoka mlangoni chenyewe, kikateremka mlima taratibu, kikiwa na fundi juu yake aliyekuwa anapiga msasa. Mji mzima ulikuja kutazama. Kama mioyo ishirini na miwili haikuwa imeshtuka kabla, siku hiyo ilishtuka.

Nikaamuru mashine ya kutoboa lami izimwe. Ikawa kimya. Na katika kimya kile, bangili yangu ikatikisika.

Lazima mwelewe. Mtu wa mashine ile mikono yake hutikisika siku nzima, na jioni huendelea kutikisika yenyewe hata ukishika kijiko. Mwezi mzima nilikuwa nahisi mtetemo mkononi nikadhani ni uchovu. Sikuwa nimewahi kuitazama bangili. Siku ile nikaitazama. Kwenye kile kioo chake kulikuwa na maandishi: "Mapigo si ya kawaida. Pumzika. Muone daktari." Nikatazama saa. Saa kumi na nusu. Nikatazama mlima. Mlima ule mimi huupanda kwa miguu kila jioni nikirudi nyumbani, na kila jioni, nikifika kwa seremala, pumzi huniishia, nikaegemea mlango wake nikijifanya nasifia vitanda. Alikwisha nipima urefu mara mbili.

Ndiyo, ndugu zangu. Mlima mzima, watu kumi na wawili, mashine mbili na lori, nilikuwa nachimba barabara nikiutafuta moyo wangu mwenyewe.

Mke wangu, tafadhali kaa. Najua. Kaa kwanza, mama, bado sijafika palipo pabaya.

Nilifanya nini? Ningewaambia vijana wangu waache? Mimi, Nyundo, niliyebandika ile orodha kwa gundi, niwe Babu Kiti? Nilishusha mkono wa shati ukafunika bangili, nikapaza sauti: "Chimbeni!" Tukachimba siku mbili zaidi. Lile bonde mnalolizunguka mpaka leo mkiteremka kule, lenye bango la "Pole kwa usumbufu", ni woga wangu.

Mambo yakafika kikaoni. Mkurugenzi akataka funguo tatu ziwekwe mezani. Na hoja yake, tuseme ukweli, haikuwa ya kipuuzi: "Kuna mtu anaweza kufa huku sisi tunatunza siri." Daktari akawa anazungusha ufunguo wake kidoleni, hajui aegemee upande gani. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mpaka ndani ya soksi. Mama Kufuli akavua miwani, akasema, "Mkuu, nikifungua leo nitampata mmoja. Kesho bangili zote zitakuwa kabatini, na wanaofuata hatutawapata kamwe. Mmeshawahi kujua majina yote ya wagonjwa. Yalikuwa ukutani. Yalimsaidia nani?" Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtaalamu: "Na kuna kosa, ni langu. Niliacha saa ionekane kwenye ramani. Mtu akijibanza pale saa kumi na nusu atamjua mwenyewe. Nimeifuta leo asubuhi." Mkurugenzi akainamisha macho, kwa sababu alikwisha kaa kwa seremala alasiri mbili, nyuma ya gazeti lililopinduka juu chini.

Hapo nikasimama mimi. Nikagonga meza. Nikasema, "Ufunguo wa wafanyakazi hautoki! Heshima ya mfanyakazi kwanza!" Dirishani mkanipigia makofi, mkaniimbia, mkanibeba mpaka karakana ya magari. Leo nayarudisha yale makofi. Sikuwa natetea heshima ya mfanyakazi yeyote, nilikuwa naitetea shingo yangu. Yalikuwa ya huyu mama. Mpigieni sasa.

Asanteni. Inatosha, saa inakwenda.

Siku nane zikapita na sikwenda popote. Ndipo likatokea tangazo nyuma ya mlango wa choo, ndani, mahali ambapo mtu husoma akiwa peke yake. Nimelihifadhi kichwani, nalisoma kama lilivyokuwa: "Wewe ambaye bangili imekutikisikia. Sijui wewe ni nani, na sitafuti kujua. Jumatano Daktari yupo, mlango wa nyuma wa kituo cha afya, huandikishwi popote. Njoo. Tunakuhitaji kazini." Nililisoma nikabaki mle chooni mpaka watu wakagonga. Hilo neno la mwisho ndilo lililonimaliza. Mimi nilidhani watu wakijua tu hawatanihitaji tena.

Jumatano nikajifunga skafu usoni, nikapita nyuma ya jengo la taka, nikanyata kando ya ukuta. Nikafika mlango wa nyuma. Nikakuta foleni.

Watu kumi na wanne! Kila mmoja amekuja kwa siri, kila mmoja anadhani lile tangazo limeandikwa kwa ajili yake peke yake. Bangili, kumbe, zilikuwa zimewatikisikia wengi, kila mtu na lake, na kila mtu alikuwa amenyamaza akiona ni yeye peke yake. Tulisimama tumepeana migongo kama watu wasiojuana, na wote tunakula meza moja. Nani walikuwapo sitawataja, hata mkinipa kitanda cha seremala. Nitasema tu kwamba mbele yangu alikuwapo bwana mmoja mwenye tai na miwani myeusi, na nilipokohoa aligeukia ukutani akaanza kusoma bomba la maji ya mvua.

Naona Mheshimiwa Mkurugenzi amenyoosha mkono. Mwenyewe! Amesimama! Asante, mkuu, kaa tu. Mmeona? Kasema mwenyewe, kwa kupenda kwake. Na dereva naye? Haya. Na mama wa stoo? Jamani, hebu shusheni mikono, hii ni hafla, sio foleni ya pili.

Daktari akanipima, akaniambia mshipa wa moyo umeziba. Nikamuuliza umeziba vipi. Akasema, "Uchafu umejikusanya, damu haipiti." Nikamwambia, "Daktari, huo ni mtaro. Mimi nimezibua mitaro miaka thelathini." Akanipeleka hospitali kubwa, wakauzibua, wakaacha ndani kijibomba kidogo ili usizibe tena. Nikawauliza kinaitwaje, wakataja jina refu. Mimi nakiita kalavati. Hiki kifua mnachokiona kina kalavati, na limewekwa vizuri kuliko yangu yote.

Sasa, mke wangu, hapa ndipo pabaya. Zile siku nne nilizokuaga kwamba nakwenda kwenye semina ya mitaro. Haikuwa uongo wote. Niliporudi na bandeji kwenye kifundo cha mkono, palipopitishwa waya wa kuzibulia mshipa, ukaniuliza, nikasema bangili imenichubua. Nawe, kwa jinsi unavyonipenda na kwa jinsi ulivyo mkali, ukafunga kanga ukaenda hadi ofisini kwa Mama Kufuli, ukasimama mlangoni, korido nzima ikakusikia: "Midude yenu inamla mume wangu ngozi!"

Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la faili. Nilisikia kila neno. Mama Kufuli alikuuliza tu, "Imemchubua mkono upi?" Ukasema wa kulia. Na sisi sote, ndugu zangu, bangili tunavaa mkono wa kushoto.

Mama Kufuli akafungua droo, kwa funguo mbili, akatoa mkanda wa kitambaa laini aliokuwa ameushona mwenyewe, akakupa. Akasema, "Samahani sana, mama. Mwambie akivaa huu hatachubuka tena. Na mwambie, mlima apande polepole." Ndio huu hapa mkononi. Umechakaa, sijaubadilisha.

Mama Kufuli, kwa miaka mitatu nimekupita kwenye korido nikijiuliza: ulijua? Kila ukinipimia ile sukari kijiko kimoja, nilikuwa naangalia uso wako. Leo unastaafu, na mbele ya watu wote nakuuliza. Yule mtu wa mlimani ni mimi. Niko hai kwa sababu ulikataa kunitaja mpaka nikapata nguvu ya kujipeleka. Nakushukuru kwa ajili yangu, na kwa ajili ya rafiki yangu wa lami ambaye hakupata mlango wa nyuma. Sasa niambie, ulijua?

Mnamwona? Anafuta miwani. Anatabasamu na keki. Hata leo! Sheria yake haina sababu ya tatu, na mimi siko chini wala sijaomba orodha.

Basi, tazameni ile saa. Saa kumi na nusu kamili. Nimesimama kwa dakika kumi na tano, nimeungama mbele ya mji mzima na mbele ya mwanamke ninayemwogopa kuliko wote. Naiinua bangili muione. Imetulia tuli. Hii ndiyo zawadi yangu kwako, mama, maana ile redio ya ukutani uliyopewa tumeichangia wote.

Mke wangu umesimama tena. Sema, mama, usinywee. Kwa sauti, na wa nyuma wasikie.

Anasema, "Miaka mitatu unanung'unika chakula changu hakina chumvi. Ulidhani chumvi imekwenda wapi?"

Alijua. Jamani, alijua. Alijua, na alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Mama Kufuli, bangili imetikisika. Hapana, Daktari, rudi ukae, hii haikuhusu wewe, hii ni ya nyumbani. Mheshimiwa Meya, ndugu zangu wote, kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu nawashukuru sana, na naomba nishuke hapa jukwaani, polepole, niende safu ya tatu.